Mashine Zilizotoka Baa

Pinboli ya zamani huwa na makufuli mawili. Moja liko mbele, kwenye mlango mdogo wa chuma zinapoingilia sarafu. La pili liko kichwani, pale kilipo kioo chenye picha na namba. Mwenye baa hakuwa na ufunguo hata mmoja. Yeye alitoa pembe ya ukumbi na umeme wa ukutani, basi. Funguo alikuwa nazo bwana mwingine aliyepita kila baada ya siku kadhaa na gari la mizigo, akafungua, akamwaga sarafu juu ya kaunta, wakazihesabu wote wawili huku wakiviziana macho, kisha wakagawana nusu kwa nusu. Anayejua biashara ya meza za pool kwenye baa za Dar es Salaam au Nairobi hapo hahitaji kuelezwa zaidi. Mwenye meza si mwenye baa, na mwenye baa si mwenye meza.

Kwa hiyo anayetaka kununua pinboli yake ya kwanza, iliyokwisha kutumika, aiweke nyumbani, lazima aelewe kwamba anachokinunua hakikuwahi kutengenezewa nyumba. Ni chombo cha kazi. Kilitengenezwa kiwandani, kikauzwa kwa msambazaji, msambazaji akamuuzia mwenye mashine, na mwenye mashine akakitega baa. Sebule haikuwa kwenye hesabu ya yeyote kati yao.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona: ni sanduku refu la mbao lenye miguu minne ya chuma, limeinama kidogo kuelekea kwa mchezaji, juu limefunikwa kioo. Goroli ya chuma ya gramu 80 hivi hurushwa kwa fimbo ya springi hadi juu, halafu huanza kuteremka, ikigonga bampa zinazoirusha huku na huko, ikiangusha shabaha, ikiwasha taa na kupiga kengele. Chini kabisa pana vikono viwili, flipa, ambavyo mchezaji huvisukuma kwa vitufe vya ubavuni ili goroli isizame. Ikizama, imezama. Ukipata alama nyingi, mashine hukupa mchezo wa bure, na ndani ya sanduku nyundo hugonga ubao kwa kishindo ili ukumbi mzima ujue.

Yangu inaitwa Royal Flush, ya kampuni ya Gottlieb, mwaka 1976, ya wachezaji wanne. Nilinunua dola 600 kwa mzee mmoja wa vitongoji vya magharibi mwa Chicago, mwenye mashine mstaafu. Ina safu ya shabaha zenye picha za karata, na mtu aliyekulia kwenye vibaraza vya Tanga hawezi kuzipita karata akakaa kimya, hata kama mzungu wa nne kachorwa kwa sura ya Kimarekani. Mama yangu, aliyeko Tanga, nilimwonyesha kwa simu. Akaitazama kwa muda, kisha akauliza: “Baba, hiyo si kamari?”

Nilimwambia hapana. Lakini swali lake ndilo walilouliza mameya, majaji na mapadri wa Marekani kwa zaidi ya miaka 40, na kila jibu walilolitoa limeacha alama ndani ya sanduku hili.

Ukoo wake ni wa Kifaransa. Karne ya 18 mabwana wa Ufaransa walicheza bagatelle, meza ndogo yenye vijiti na matundu, goroli ikisukumwa kwa fimbo. Mwaka 1871 Mwingereza aliyehamia Cincinnati, Montague Redgrave, alipewa hataza ya kuiboresha. Aliondoa fimbo ya mkononi akaweka ya springi, ile ile tunayoivuta leo. Miaka 60 ikapita bila jambo kubwa.

Jambo kubwa lilikuwa njaa. Mwaka 1931, uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka, David Gottlieb wa Chicago alitoa kimashine cha kuweka juu ya kaunta, Baffle Ball, kwa dola 17.50. Senti moja ilimpa mchezaji goroli kadhaa. Hakikuwa na umeme, wala flipa. Ulirusha, ukaomba Mungu. Mtu asiye na kazi alipata burudani ya nusu saa kwa sarafu chache, na mwenye duka la sigara alipata nusu ya hizo sarafu. Gottlieb aliuza zaidi ya 50,000, na bado oda zilimshinda. Msambazaji wake mmoja, Raymond Moloney, alichoka kusubiri mzigo akatengeneza kimashine chake mwenyewe mwaka 1932, Ballyhoo, dola 16. Kilimtajirisha hata kampuni yake akaiita Bally. Kampuni nzima ilizaliwa kwa mtu aliyecheleweshewa mzigo.

Kwa nini Chicago? Kwa sababu kila kitu kilikuwa pale: mafundi wa samani, viwanda vya skrubu na mabati, watengenezaji wa vifaa vya umeme, na reli zinazokwenda kila upande wa nchi. Gottlieb walikuwa mtaa wa Kostner, Bally mtaa wa Belmont, na baadaye kampuni ya Williams ikawa mtaa wa California, namba 3401. Ukipita leo mitaa hiyo unaona majengo ya matofali kama mengine. Humo ndani wanawake wengi walisimama mbele ya mbao zenye misumari wakizungusha waya za rangi rangi, msumari hadi msumari, mpaka zikawa fungu moja la kuingizwa kwenye sanduku. Kila waya una rangi yake, au rangi yenye mstari wa rangi nyingine, na ndiyo maana fundi wa leo anaweza kuufuata. Vioo vilichapwa wino kwa nyuma, rangi moja baada ya nyingine, na duka la uchapaji la Chicago lililoitwa Advertising Posters. Mimi nilijifunza ufundi wa redio Ngamiani, Tanga, na nasema bila kuona haya kwamba sijawahi kuona kazi ya waya safi kuliko iliyomo humu.

Turudi kwenye kamari. Wachezaji wa mwanzo walikuwa wakiinua mashine na kuipiga chini kwa kiganja ili goroli ielekee wanakotaka. Harry Williams, kijana wa Los Angeles aliyesomea uhandisi, alichukizwa akapigilia misumari kwa chini, ncha zikiwa zimetokeza. Kisha akafikiria mikono ya watu, akaitoa, akabuni kifaa cha kugundua mashine ikitikiswa na kuukatisha mchezo. Kizazi chake kimo kwenye pinboli yangu: pendulo ndogo ya chuma iliyoning’inia katikati ya pete. Ukitikisa sana, pendulo inagusa pete, umeme unapita, taa zinazimika, umekwisha. Mwaka 1933 huyo huyo Williams alitoa Contact, mashine iliyotumia umeme wa betri kuitema goroli kutoka tunduni na kupiga kengele. Hapo mlango ukafunguka. Umeme ukishaweza kuitoa goroli tunduni, unaweza pia kutoa sarafu, na miaka iliyofuata ziliingia sokoni pinboli zilizomlipa mshindi pesa taslimu. Zisizolipa zenyewe, alilipa mwenye baa: ulishinda michezo kumi ya bure, hukutaka kuicheza, ukaenda kaunta ukapewa thamani yake mkononi, naye akabonyeza kitufe cha chini kufuta michezo ile. Mama angecheka. Kamari haikuwa imejificha mbali.

Aliyezikomesha New York ni Meya Fiorello La Guardia. Mwaka 1934 alikuwa ameshavunja mashine za kamari kwa nyundo mbele ya wapiga picha, zikatupwa baharini. Januari 1942, Marekani ikiwa imeingia vitani wiki chache tu, aligeukia pinboli. Polisi walizoa maelfu kutoka kwenye baa na maduka ya peremende, chuma chake kikaenda kwenye mahitaji ya vita. Hoja yake ilikuwa kwamba zinawaibia watoto wa shule senti zao za chakula na kuwanenepesha majambazi. Wakenya walioshuhudia mashine za kamari kutoka China zikichomwa moto hadharani miaka ya karibuni, maofisa wa serikali wakiwa wamejipanga mbele ya kamera, wanaijua picha hii. Tofauti ni kwamba New York iliendelea na marufuku yake miaka 34.

Na Chicago? Jiji lililozitengeneza kwa ajili ya dunia nzima nalo lilikuwa limezipiga marufuku. Mfanyakazi wa Gottlieb alifunga flipa mchana kutwa, na jioni hakuwa na baa ya jijini ya kuchezea kihalali. Los Angeles ilizikataza vilevile, hadi Mahakama Kuu ya California ilipoifuta sheria hiyo mwaka 1974.

Nikitazama orodha ya mambo mapya yaliyobuniwa kwenye pinboli baada ya vita, naona karibu yote ni majibu kwa polisi. La kwanza ni flipa. Oktoba 1947 Gottlieb walitoa Humpty Dumpty, kazi ya mbunifu Harry Mabs, yenye flipa sita, tatu kila upande. Sasa mchezaji aliweza kuirudisha goroli juu kwa ustadi wake, na wakili aliweza kusema mahakamani kwamba huu ni mchezo wa akili na mkono. Zilikuwa dhaifu na zimekaa vibaya, zikitazama nje. Mwaka uliofuata Steve Kordek wa kampuni ya Genco aliziweka mbili tu, chini kabisa, akazipa nguvu ya kutosha kuifikisha goroli hadi juu. Mbili ni rahisi kuliko sita, na Genco walibana matumizi. Ubahili huo ndio umetupa umbo la pinboli hadi leo. Kordek alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 100.

La pili linahusu mchezo wa bure wenyewe. Mwaka 1951 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Johnson dhidi ya kusafirisha vyombo vya kamari kutoka jimbo hadi jimbo, na majimbo kadhaa yalisema mchezo wa bure ni kitu chenye thamani, kwa hiyo ni zawadi, kwa hiyo ni kamari. Bally nao hawakusaidia. Mwaka huohuo walikuwa wameanza kutoa mashine za bingo, ambazo zina goroli na matundu lakini hazina flipa, na ambazo zilihesabu michezo ya bure kwa mamia. Nani anacheza michezo 300 ya bure usiku mmoja? Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Korpan, kwamba hizo zinatozwa kodi ya mashine za kamari. Gottlieb, waliotaka kutengwa na sifa hiyo, walitoa mwaka 1960 mashine iliyoitwa Flipper, ambayo badala ya mchezo wa bure ilimwongezea mshindi goroli moja katika mchezo uleule. Hakuna kilichobaki cha kuuza kaunta. Ndiyo maana ukikuta leo mashine za miaka ya 1960 unaweza kuona mbili zilizofanana kila kitu isipokuwa jina, picha na zawadi: moja ya majimbo yaliyoruhusu mchezo wa bure, nyingine ya majimbo yaliyokataa.

Wachezaji wanne kwa mashine moja, kama hii yangu, ni desturi iliyoanza na Gottlieb mwaka 1954. Marafiki wanashindana wao kwa wao, kila mmoja anatia sarafu yake, na mwenye mashine anapata mara nne bila kumpa mtu chochote.

Mwisho wa kesi ulikuja mwaka 1976. Roger Sharpe, kijana mhariri wa jarida aliyekuwa akiandika kitabu kuhusu mchezo huu, aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Jiji la New York. Zililetwa mashine mbili. Mjumbe mmoja, akihofia ya kwanza imechezewa, akadai atumie ile ya akiba. Sharpe alicheza, kisha akatamka kabla ya kuvuta fimbo: goroli hii itapita njia ya katikati. Akavuta. Ikapita. Kamati ikapiga kura kuzihalalisha. Sharpe mwenyewe amekiri tangu hapo kwamba bahati ilikuwemo, na mimi ninayeivuta fimbo ya namna hiyo kila wiki naamini kabisa. Sheria ya miaka 34 ilianguka kwa mchomo mmoja ambao hata fundi mkubwa huupata mara na kuukosa mara.

Royal Flush ilitoka kiwandani mwaka huohuo, pinboli ziliporuhusiwa. Ni kati ya kizazi cha mwisho kisicho na kompyuta. Alama zinahesabiwa na magurudumu yenye namba, yanayosukumwa na koili. Kumbukumbu yote imo kwenye relei na swichi zenye ncha za fedha. Mwaka 1977 Gottlieb walihamia kwenye vibao vya elektroniki kwa mashine ya Cleopatra. Familia ilikuwa imeshaiuza kampuni kwa Columbia Pictures, na Coca-Cola walipoinunua Columbia mwaka 1982, pinboli zikajikuta chini ya muuza soda. Bally waliuza zaidi ya 20,000 za Eight Ball ya 1977. Kisha ikaja michezo ya video: ikaja Space Invaders, ikaja Pac-Man mwaka 1980, ambayo Marekani ilisambazwa na Midway, kampuni tanzu ya Bally hao hao. Mwenye mashine alipiga hesabu. Sanduku la video halina goroli wala raba, na halimwiti fundi kila wiki.

Hapo ndipo nyumba inapoingia kwenye hadithi, kwa mlango wa nyuma. Pinboli iliyokwisha faida yake baa ilikuwa mzigo ghalani. Baadhi ya wasambazaji walizivunja kwa shoka walipozipokea kama sehemu ya malipo, wakihofu kwamba zikiuzwa rahisi zitaharibu soko la mpya. Zilizopona ziliuzwa kwa jirani, kwa dola chache, zikashushwa kwenye chumba cha chini ya nyumba. Bally walijaribu mwaka 1976 na 1977 kutengeneza pinboli za nyumbani hasa, wakitumia majina yaliyovuma kama Fireball na Captain Fantastic, lakini ni nyepesi, hafifu, na ubao wake si uleule. Nakushauri uzipite. Mtu akikuuzia Fireball kwa bei ya kukushangaza, tazama kwanza kama ni ile ya baa ya mwaka 1972 au hii ya baadaye.

Biashara ya baa ilifufuka kidogo miaka ya 1990. The Addams Family ya 1992, kazi ya Pat Lawlor na Larry DeMar, iliuzwa 20,270, na leo anayeimiliki anaweza kutaka bei ya mashine mpya au zaidi. Kisha Gottlieb wakafunga mwaka 1996, na Williams wakaacha pinboli Oktoba 1999. Alibaki mtengenezaji mmoja tu, Gary Stern na kampuni yake. Sasa wametokea wengine, na Stern wanatengenezea zao Elk Grove Village, karibu na uwanja wa ndege wa O’Hare. Pinboli yao mpya ni maelfu ya dola. Sehemu kubwa ya wateja wa leo ni watu wa majumbani.

Kwa mwenye mfuko kama wangu, basi, ni kununua kizee. Nami nilipokwenda kwa yule mstaafu sikuanza kwa kuiwasha. Nilitazama kioo cha nyuma, kwa kuwa rangi ikianza kubanduka haioshwi wala hairudishwi; unaweza kuizuia tu isiendelee. Nikatazama ubao pale goroli inapopita mara kwa mara, mbele ya flipa na kuzunguka bampa, kama mbao imeanza kuonekana. Koili ni dola chache. Raba ni senti. Ubao uliokwanguka ni wiki nzima ya brashi na varnishi, na bado utaonekana. Nikafungua mlango nikatafuta mchoro wa umeme, karatasi kubwa iliyokunjwa; ulikuwemo, na peke yake ulinishawishi zaidi ya maneno yote ya mzee.

Ndani nilikuta maisha ya baa. Fyuzi mbili zilikuwa zimezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili umeme upite, mtindo wa mwenye mashine asiyetaka kurudi Jumamosi usiku. Niliziondoa kabla ya kitu kingine chochote, na yeyote anayenunua afanye hivyo kabla ya kuchomeka waya, maana hiyo ndiyo njia ya kuunguza nyumba. Ukingoni mwa kioo pana alama za moto wa sigara. Pendulo ilikuwa imekazwa sana, yaani wateja wa pale walikuwa watikisaji. Mtu fulani alikuwa amemimina mafuta kwenye magurudumu ya alama, yakashika vumbi yakaganda kuwa gundi. Mashine hizi zinapenda ukavu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kufuta, si kupaka.

Juu ya mbao ya ndani pana maandishi ya penseli: tarehe za kubadilisha koili, na kando yake viwango vya alama vya kupata mchezo wa bure, kimoja kimekatwa, kikaandikwa kikubwa zaidi, kikakatwa tena. Wateja walikuwa wakiizoea, naye akiwapandishia. Mzee alinithibitishia: mashine ikitoa michezo ya bure mingi haikulishi, isipotoa kabisa wanaihama, na ufundi wote wa kazi yake ulikuwa pale katikati.

Nimevirudisha viwango kwenye karatasi ya kiwandani. Wanangu wanashinda mno, nyundo inagonga kila dakika, na mke wangu ametoa sheria yake: ikifika saa tatu usiku waya wa nyundo unachomolewa.